Mnara Umesimama, Mtandao Uko Wapi?

Waraka kwa wanachama wote wa chama chetu cha msingi cha ushirika, wakulima wa korosho na ufuta

Yah: Fedha za serikali za kufikisha intaneti ya kasi vijijini, na kazi inayotusubiri kabla ya msimu

Ndugu wanachama,

Nawaandikia mapema, mikorosho ikiwa bado haijachanua, kwa sababu msimu ukishafunguliwa hakuna mwenye sikio la jambo lingine zaidi ya bei.

Jambo lenyewe ni mtandao. Najua wapo watakaoguna: mwenyekiti, tuongee salfa, tuongee magunia, hayo ya mtandao waachie vijana. Wazee wangu, salfa yenyewe siku hizi inapita humo humo. Jina lako lisiposomeka kwenye usajili wa wakulima, salfa ya ruzuku utaiona kwa jirani. Mnada, ambao zamani tulifungua sanduku la zabuni mbele ya macho yenu na kila barua ikasomwa kwa sauti, tangu msimu wa 2024 unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, ule mnaouita TMX, na bei zinatoka kwenye skrini. Vitabu vya chama vinaingizwa MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malipo yoyote ya serikali yanadai kontroo namba kwanza. Mtoto anayeomba mkopo wa chuo kikuu anaomba mtandaoni. Serikali imeshahamia huko na ofisi zake zote. Anayebaki nje si kijana anayetaka kutazama video, ni sisi.

Sasa tuongee fedha, maana hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapopotea njia. Mnara unapoinuka kijijini, mwanasiasa anapanda jukwaani na kusema ameuleta. Kampuni nayo inabandika kibao chake na kusema imeuleta. Kila mmoja anasema nusu. Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaojulikana kwa kifupi cha UCSAF, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2009. Hoja yake ni hii: kampuni ya simu inajenga palipo na wateja wengi waliokaa karibu karibu. Masasi mjini itajenga bila kubembelezwa. Lakini kijiji chenye kaya zilizotawanyika katikati ya mashamba ya mikorosho hakirudishi gharama ya mnara, au kinairudisha baada ya miaka mingi ambayo hakuna mwenye hisa atakayekubali kuisubiri. Kwa hiyo kampuni zenye leseni zinachangia Mfuko sehemu ya mapato yao, serikali inaongeza ya kwake, kisha Mfuko unatangaza zabuni kwa maeneo yasiyo na mvuto wa biashara. Anayeomba ruzuku ndogo kuliko wenzake, akiwa ametimiza masharti, ndiye anayepewa eneo. Namna hii ya kushindania ruzuku kwa kwenda chini ilianza kutumika Chile katika miaka ya 1990, ikaenea duniani. Ni nzuri kwa hazina ya serikali. Ubaya wake ni kwamba aliyeshinda kwa kuomba kidogo ana kila sababu ya kujenga kidogo, kama hakuna anayemtazama.

Tarehe 13 Mei 2023, jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26. Vijiji vilivyolengwa ni 1,407 na watu kama milioni 8.5. Ruzuku ya serikali ni takriban shilingi bilioni 126, na kampuni zikaahidi kutia zao juu ya hizo. Nyuma ya kazi hii kuna Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2021. Mkopo, ndugu zangu. Watakaoulipa ni wajukuu hawa hawa tunaowatuma kupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Na hata bila mkopo huo, sisi tunachangia kila siku. Kwenye bando unalonunua kwa wakala kuna ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Mchango ambao kampuni inaupeleka kwenye Mfuko nao umetoka kwenye vocha za wateja, haukutoka mbinguni. Kwa hiyo mwanachama asisimame kwenye mkutano akaanza kwa kushukuru kana kwamba amepewa sadaka. Ashukuru kwa adabu kama ilivyo desturi yetu, halafu aulize huduma iko wapi.

Sisemi haya kwa kuibeza serikali. Katika nchi kadhaa za Afrika mifuko ya aina hii imekaa na fedha mwaka baada ya mwaka bila kuzitumia. Wa kwetu unajenga, na mwenye macho ameona. Ninachokisema ni kwamba kujenga kunahesabiwa kwa minara, kata na vijiji, na hesabu hiyo ina matundu ambayo sisi tunaokaa ndani yake ndio tunaoyajua.

Tundu la kwanza ni ramani. Kata ikipata mnara, inaandikwa kuwa imefikiwa. Tulishayaona haya kwa umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini. Kijiji kilihesabiwa kuwa kina umeme wakati nguzo zimeishia barabarani, shuleni na kwa watu wachache wenye bahati ya kujenga kando ya barabara, na ikabidi baadaye serikali yenyewe ianze mradi mwingine wa kufikisha umeme vitongojini. Mawimbi ya simu ni magumu zaidi kuyakagua kuliko nguzo, kwa sababu nguzo unaihesabu kwa macho. Huku kwetu kuna mabonde. Mtu wa juu ya uwanda anapiga simu akiwa amelala mkekani, na nduguye wa bondeni, kijiji kile kile, mwenyekiti yule yule wa kijiji, hapati kitu. Kwenye ripoti wote wawili ni watu waliofikiwa.

Msidhani ni umaskini wetu tu. Wamarekani, pamoja na utajiri wao wote, walifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi. Tume yao ya mawasiliano, FCC, ilikuwa ikihesabu eneo zima la sensa kuwa lina intaneti ya kasi endapo kampuni imesema inaweza kuhudumia nyumba moja tu ndani yake. Maeneo ya sensa ya vijijini kule ni mapana. Wakulima wakaandikwa kuwa wanayo huku hawana. Kisha mwaka 2020 wakafanya mnada wa ruzuku, kwa mtindo ule ule wa kwenda chini, ukagawa kwenye karatasi dola bilioni 9.2 za kulipwa kwa miaka kumi. Baadaye sehemu kubwa ya zabuni zile ikaanguka, nyingine washindi wameshindwa, nyingine tume yenyewe imezikataa, na mwaka 2022 hata ombi la Starlink, wenye intaneti ya setilaiti, la kulipwa ruzuku hiyo likakataliwa. Mwaka huo huo wa 2020 Bunge lao lilitunga sheria ya kulazimisha ramani mpya, ya nyumba kwa nyumba, na ndani ya sheria hiyo wakaweka kitu ambacho nawaomba mkishike vizuri: mwananchi anaruhusiwa kuipinga ramani. Anasema, mimi naishi hapa, mmeandika ninayo, sina, na huu hapa ushahidi.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Tuna mkutano mkuu wa kijiji, na nitaurudia.

Tundu la pili ni aina ya mtandao. Tazama pembeni mwa kioo cha simu yako. Ukiona herufi E, uko kwenye teknolojia ya kizazi cha pili, ambayo hata ikifanya kazi vizuri kabisa haifiki nusu ya megabiti moja kwa sekunde. Simu itapigika, muamala wa kawaida wa kubonyeza nyota utapita, lakini mfumo wa mnada hautafunguka, na karani wa ghala atakaa anaangalia duara linazunguka huku foleni ya wakulima inamtukana. Ukiona H, ni kizazi cha tatu. Unaweza kufanya kazi ukiwa na subira. 4G ndiyo inayostahili kuitwa intaneti ya kasi. Serikali yenyewe inalijua hili, na ndiyo maana mikataba ya 2023, mbali na minara mipya, iliweka pia minara 304 ya zamani ya kuongezewa nguvu kutoka kizazi cha pili. Kwa maneno mengine, watu walikaa miaka chini ya minara iliyokwisha kuhesabiwa, na haikuwapa intaneti. Swali la kuuliza kuhusu mnara wa jirani yako, basi, ni je, uko kwenye orodha ile ya 304? Na kama haupo, utaingizwa lini? Diwani ana njia ya kulipata jibu hilo. Mbunge anayo njia fupi zaidi.

Tundu la tatu halionekani kabisa kutoka chini. Mnara ni nusu ya safari; lazima nao uunganishwe na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ule ambao ujenzi wake ulianza 2009 na unasimamiwa na TTCL. Mnara wa kijijini mara nyingi unaunganishwa kwa mawimbi kutoka mnara mmoja kwenda mwingine hadi kuufikia mkongo, na bomba hilo likiwa jembamba, simu itaandika 4G na bado hakuna kinachosogea, hasa jioni wakati kila mtu amerudi kutoka shamba. Halafu kuna nishati. Mahali pasipo umeme wa gridi mnara unakula sola, betri na jenereta. Mafuta yakichelewa, au betri zikiibiwa, mnara unakuwa mti mkavu. Na hapa niseme neno kali: betri hizo haziibiwi na watu wa Dar es Salaam wanaokuja na basi la usiku. Tunawajua. Tunaokaa kimya kwa sababu ni mtoto wa fulani tusilalamike mtandao ukizima.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili mkiulizwa mjue cha kusema. Malalamiko ya "mtandao mbovu" hayana mahali pa kwenda. Ofisa anaitikia kwa kichwa, anaandika, anafunga daftari. Malalamiko yanayosema kitongoji gani, saa ngapi, herufi gani ilionekana na ni kazi gani ilishindikana, hayo yanamlazimu mtu kujibu.

Ndiyo kazi ninayowaomba. Kila kitongoji chenye wanachama kichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, na mmoja angalau awe na simu janja. Kwa majuma mawili waandike asubuhi, mchana na jioni: wako wapi, laini ya kampuni gani, herufi gani inaonekana, na je, kazi waliyojaribu ilikamilika au haikukamilika. Kazi iwe ya kweli, kama kutuma muamala, kufungua mfumo wa usajili, kupakua fomu. Waandike pia siku ambazo mtandao ulikuwa mzuri. Msiache hilo. Daftari lenye malalamiko matupu linanuka uongo hata kama ni la kweli. Na mkumbuke kwamba si kila kuzima kunatokana na mnara wetu: Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua karibu nchi nzima. Siku moja ya giza si ushahidi wa kitu. Majuma mawili ya E mfululizo ni ushahidi.

Daftari zikirudi, bodi itazijumlisha kitongoji kwa kitongoji na kuzipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti ndani yake. Mara nyingi tunauachia ajenda za michango na mipaka ya mashamba. Safari hii tuuingizie ajenda hii, ijadiliwe, iandikwe kwenye muhtasari, muhtasari ugongwe mhuri. Karatasi yenye mhuri wa kijiji inaweza kupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikapanda halmashauri, ikapelekwa kwa Mfuko na nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ina kanuni za ubora wa huduma na uwezo wa kuzibana kampuni. Nakala nyingine iende kwa baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, ambalo lipo kisheria na ambalo sijamsikia mwanachama wetu hata mmoja akilitaja.

Mtaniambia haya yote ni karatasi, na wakubwa hawasomi karatasi. Sikatai kwamba hutokea. Lakini tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021 kwa kishindo, na Septemba ya mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kwa sababu watu walisema bila kuchoka, wakiwa na risiti mkononi. Sisi watu wa Kusini tuliosubiri daraja la Rufiji hadi 2003 tuna uvumilivu wa kutosha, wakati mwingine hata zaidi ya kutosha.

Madai yetu katika karatasi hiyo yawe machache. Mnara uliojengwa kwa ruzuku utoe 4G, na bomba la kuupeleka mkongoni litoshe. Hesabu ya waliofikiwa ishuke hadi kitongoji. Mnara wa ruzuku ukaribishe laini za kampuni zote, ili mkulima asilazimike kubeba laini tatu mfukoni. Na orodha ya minara, tarehe za kukamilika na aina ya huduma ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pale pale panapobandikwa mapato na matumizi. Zaidi ya hapo tutaonekana tunataka kila kitu, na anayetaka kila kitu ni rahisi kumjibu kwa kumwahidi kila kitu.

Lipo pia la kwetu wenyewe. Shirika la kampuni za simu duniani, GSMA, lilipopima hali ya mwaka 2022 katika Afrika kusini mwa Sahara, lilikuta takriban robo ya watu ndio wanaotumia intaneti ya simu. Wasiofikiwa kabisa na mawimbi ya intaneti walikuwa kama asilimia 15. Waliobaki, zaidi ya nusu ya watu wote, walikuwa chini ya mawimbi na hawatumii. Simu ni ghali, bando ni ghali, na wengi hawajafundishwa. Serikali iliwahi kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja katika bajeti ya 2021, mwaka uliofuata ikairudisha, na mimi naona lilikuwa kosa. Msamaha wa mwaka mmoja hautoshi hata bei kushuka madukani. Hilo nalo tulisemee. Lakini kuna nyumba zenye simu janja moja, nayo ikikaa kwenye mfuko wa shati la baba kutoka asubuhi hadi usiku. Mama ndiye anayebangua, ndiye anayepanga magunia, na ujumbe wa malipo haumfikii. Hili halihitaji ruzuku ya serikali.

Baadhi ya vijana wetu wamependekeza chama kianzishe mtandao wake. Si ndoto. Kenya imeweka tangu 2021 leseni maalumu ya bei nafuu kwa mitandao ya jamii, na hapa kwetu Kondoa iliwahi kufanyiwa majaribio ya mtandao wa jamii. Kule Marekani wakulima walipokataliwa umeme na kampuni za mijini, kuanzia miaka ya 1930 waliungana katika vyama vya ushirika, wakakopa serikalini, wakavuta nyaya wenyewe. Leo vingi vya vyama hivyo ndivyo vinavyovuta mkongo hadi mlangoni kwa mkulima. Moyo wangu uko huko. Kichwa changu kinasema bado. Chama ambacho msimu uliopita kiligombana kwa sababu ya mizani hakijawa tayari kusimamia masafa, betri na fundi wa kupanda mnara saa nane za usiku. Tuanze na ghala. Napendekeza mkutano mkuu wa chama ujadili kuweka pale intaneti moja ya uhakika, kwa matumizi ya karani na kwa wanachama wanaokuja kuangalia malipo na usajili wao, na watoto wa sekondari jioni. Gharama italetwa mezani, mtaipitisha au mtaikataa.

Daftari na kalamu zipo kwa karani wa ghala kuanzia juma lijalo. Wenyeviti wa vitongoji wasichukue daftari kwa niaba ya wengine. Aje mwenyewe atakayeandika, ili aelekezwe. Asiyejua kuandika aje na mjukuu. Bondeni waanze wao, kwa sababu ndio wenye habari.

Wenu katika ushirika,

Mwenyekiti wa Bodi